Samaki wa tangi la matumbawe, mmoja mmoja: nani anafaa lita 250 na nani atawamaliza wenzake

Dukani kila samaki ni mpole. Ni mdogo, ana siku chache tangu atoke kwenye mfuko wa safari, hajala vizuri, na hana pango la kulinda. Mnunuzi anaona rangi, analipa, na miezi sita baadaye ana samaki mmoja mnene na mifupa ya wengine nyuma ya mawe. Ndiyo maana hapa samaki hawapimwi kwa walivyo siku ya kununuliwa. Wanapimwa kwa tabia wanayotulia nayo wakishazoea: wanakula nini, wanamfukuza nani, na wanaanza lini kudonoa matumbawe.

Tangi la kipimo ni lile linalopatikana majumbani mara nyingi: urefu sm 120, upana sm 50, kimo sm 50. Kwa rula ni lita 300. Ukishaweka mawe na mchanga, maji halisi ni kama lita 250. Joto nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi 1.025 (maji matamu yakiwa 1), amonia na nitriti sifuri, nitrati kati ya miligramu 5 na 15 kwa lita. Bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi wameshajijenga, kazi ya wiki nne hadi sita tangi likiwa halina samaki. Ndani mna matumbawe laini na yale yenye nyama nene, kamba wa kusafisha wawili na konokono wa kula mwani. Tangi hili linabeba samaki wadogo wanane, tisa ukijikaza. Anayekuambia linabeba ishirini ana samaki wa kuuza.

Jambo moja lieleweke kwanza. Samaki wa miambani hana ugomvi na kila jirani. Ugomvi wake ni na anayefanana naye. Mwenye umbo lake, rangi yake, pango la ukubwa ule ule au chakula kile kile, huyo ndiye adui. Baharini aliyeshindwa huogelea mita kumi akapata jiwe jingine. Hapa huogelea sentimita 120, anafika kwenye kioo, anageuka na kumkuta yule yule. Ile ya mgeni njoo mwenyeji apone haipo ndani ya tangi.

Wa kununua bila wasiwasi

Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe ambaye watoto wote humwita Nemo, ndiye ununuzi salama kuliko wote. Wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwa wafugaji, kwa hiyo wameshazoea chakula cha punje na hawana mshtuko wa kutolewa baharini. Hukua hadi kama sm 11 na akitunzwa huishi zaidi ya miaka kumi. Nunua wawili kwa siku moja, mmoja akiwa mkubwa kuliko mwenzake waziwazi. Samaki hawa huanza maisha wote wakiwa madume au bado hawajajipambanua. Anayetawala ndiye hugeuka jike, wa pili hubaki dume. Ukichukua wawili wakubwa walio sawa huenda umenunua majike wawili, na hao hawapatani mpaka mmoja afe. Wakishawekwa pamoja, utamwona mdogo akijilaza ubavu na kutetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa. Anasalimu amri tu. Asiyejua humtoa akamtia dawa.

Hawahitaji anemoni, yule mnyama wa miambani mwenye mikono inayowasha ambamo hujificha baharini. Anemoni anataka taa kali na tangi lililokomaa karibu mwaka mzima, tena hutembea. Akinyonywa na pampu ya mawimbi, maji yote huharibika kwa usiku mmoja. Bila anemoni, ocellaris huchagua tumbawe lenye mikono mirefu na kujisugua humo. Likianza kusinyaa kila siku kwa kusumbuliwa, lihamishe tumbawe, samaki hatabadilika.

Mwambao wetu una jamaa zake wawili wanaoonekana kwa wapiga mbizi kuanzia Kenya kwenda kusini: Amphiprion akallopisos mwenye mstari mmoja mweupe juu ya mgongo, na Amphiprion allardi mwenye mikanda miwili. Wote wanafugika, ila usichanganye aina mbili za jamii hii kwenye tangi moja la ukubwa huu. Halafu waliovuliwa baharini hubeba mara nyingi kimelea kiitwacho Brooklynella: ngozi hutoa ute mweupe kama kamasi, samaki huhema juu juu, na ndani ya siku chache amekwisha. Dawa ya shaba haikigusi kimelea hicho. Dawa yake ni bafu la formalini. Kwa bei ya samaki mmoja aliyefugwa unajiepusha na yote hayo.

Gobi na kamba wake ndio tunaowapa alama ya juu kabisa kwa wanachokupa ukilinganisha na wanachodai. Amblyeleotris wheeleri, mwenye mikanda myekundu, anaishi kwenye mchanga wa pwani ya Afrika Mashariki mpaka Pasifiki. Hafiki hata sm 12 na hamgombezi mtu isipokuwa gobi mwenzake. Anaishi shimo moja na kamba wa jamii ya Alpheus, yule mwenye gamba la mkono linalolia kama kidole kikivunjwa. Kamba huyo haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba tu: anatoka na mzigo wa mchanga mbele ya kifua kama tingatinga, anausukuma mlangoni, anarudi. Wakati wote huo papasi yake moja imelala juu ya mgongo wa gobi. Gobi akitikisa mkia mara moja, kamba anarudi ndani. Gobi akizama kichwa mbele, shimo limefungwa. Mtu anaweza kuwatazama saa nzima akasahau chai.

Wanachodai ni mchanga wa sm 5 hadi 7 wenye vipande vya matumbawe makavu vya ukubwa wa ukucha mpaka kidole. Mchanga mtupu, laini, hauezekeki. Shimo huporomoka kila usiku. Na mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabla mchanga haujamwagwa. Ukiyaweka juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake, na siku moja utasikia kishindo. Kuwaunganisha, mimina gobi na kamba pamoja kwenye bomba pana la plastiki ulilolilaza mlangoni mwa jiwe. Wakitengana upande huu na huu wa tangi wanaweza kuchukua wiki kadhaa kukutana.

Gramma loreto wa Karibi ni wa tatu katika kundi hili. Nusu ya mbele zambarau, nusu ya nyuma njano, sm 8, anaogelea hata tumbo likiwa juu chini ya paa la pango na hilo ni jambo la kawaida kwake. Huchagua pango moja na kulilinda kwa kupanua mdomo. Hana madhara zaidi ya hapo. Mmoja tu kwa tangi hili, fahali wawili hawakai zizi moja.

Tatizo la gramma liko kwa muuzaji. Kuna samaki mwingine, Pictichromis paccagnellae, zambarau na njano vile vile, mara nyingi bei yake iko chini, naye ni mkorofi wa kutisha kwa mwili wa sm 7. Watazame kwa karibu. Kwa gramma rangi mbili zinaingiliana kwa vidoa vidoa katikati ya mwili, kuna mstari mweusi unaopita kwenye jicho na doa jeusi mbele ya pezi la mgongo. Kwa yule mwingine mpaka wa rangi umekatwa wima kama kwa kisu, na mapezi hayana doa. Duka likikuandikia "gramma" kwenye kioo cha paccagnellae, usibishane. Ondoka.

Wazuri kwa masharti

Nemateleotris magnifica ni mweupe mbele, mwekundu kama kaa la moto nyuma, na pezi moja limesimama mgongoni kama mlingoti. Anakaa katikati ya maji akisubiri chakula kipite, hadonoi tumbawe, hagombani na samaki wa aina nyingine. Sharti lake ni moja: wavu juu ya tangi. Huruka. Huruka taa ikizimwa ghafla, akifukuzwa, au bila sababu unayoiona. Wavu wa matundu ya milimita 6 unatosha, lakini ufunike na pembe zinakopita mabomba, kwa sababu hapo hasa ndipo hupata njia. Nunua mmoja. Wawili wasiokuwa jozi wataishi vizuri wiki tatu, kisha mmoja atakimbilia kona ya juu na kukaa huko, ngozi ya mkia ikichanika kidogo kidogo.

Pterapogon kauderni anatoka visiwa vya Banggai huko Indonesia na anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka kwa sababu ya uvuvi wa kuuzia akwariamu. Wapo waliofugwa, chukua hao tu. Ni mpole, haharakishi, mistari yake myeusi na vidoa vyeupe vinapendeza chini ya taa ya bluu. Dume hubeba mayai mdomoni na hali chakula kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo mmoja akifunga mdomo na kidevu kuvimba usiwe na haraka ya kumtibu. Wanne wanaouzwa pamoja kama "kundi" watageuka wawili: jozi ikishajichagua huwaua waliobaki. Nunua mmoja, au jozi iliyokwisha thibitika dukani.

Salarias fasciatus ni yule mwenye uso wa mzee na macho yanayozunguka kila moja upande wake. Anauzwa kama mfanyakazi wa kufuta mwani, na kweli hufuta, alama za midomo yake hubaki kwenye kioo kama busu. Lakini anakula utando wa mwani, hali nyuzi ndefu wala mwani wa kahawia unaoteleza. Tangi safi kupita kiasi linamuua kwa njaa. Mtazame tumbo: linatakiwa liwe limetuna kidogo, likiingia ndani, funga kipande cha nori (mwani mkavu wa karatasi) kisichotiwa chumvi wala viungo kwenye klipu, karibu na anapolala.

Tukija kwa Centropyge acanthops, huyu ni wa pwani yetu hasa, kutoka Somalia mpaka Afrika Kusini. Uso na mgongo rangi ya chungwa, mwili bluu iliyokolea, sm 8 tu. Wapo wanaomchanganya na ndugu yake wa upande wa Brazili na Karibi, Centropyge aurantonotus; tazama mkia, wa kwetu ni wa njano iliyofifia, wa kule ni bluu. Katika jamii yake yote huyu yuko kati ya wasio na usumbufu mkubwa kwa matumbawe, lakini hakuna dhamana. Mmoja atakula mwani na vipande vya sponji maisha yake yote, mwingine wa duka lile lile ataanza kudonoa nyama ya tumbawe mwezi wa nne, na akishaonja haachi. Kama una kombe la Tridacna au matumbawe ya nyama nene ya bei kubwa, mwache. Kama una matumbawe laini ya ngozi na uyoga, mchukue, awe wa mwisho kuingia.

Mandarini

Synchiropus splendidus anastahili kichwa chake mwenyewe kwa kuwa ndiye samaki anayeuzwa kwa wengi na kuishi kwa wachache. Bluu, kijani na chungwa zilizochorwa kama kitenge, mwendo wa taratibu juu ya mawe, hagombani na yeyote ila dume mwenzake. Kwa upande wa kupatana, ni malaika. Kinachomuua ni tumbo.

Mandarini aliyevuliwa baharini anakula wadudu hai wa majini, kopepodi zaidi, mmoja mmoja, kutwa nzima. Msimamie dakika moja uhesabu: anadonoa, anasogea, anatazama, anadonoa tena. Huo ndio mlo wake na hauna saa maalumu. Tangi la mwezi wa pili lina kopepodi wa kumtosha wiki mbili au tatu. Anawamaliza, kisha anaishi kwa mafuta ya mwili. Kwa kuwa ana kichwa kipana na mavazi ya rangi, kukonda kwake hakuonekani kwa mbele. Mtazame kwa juu au kwa ubavu nyuma ya kichwa. Ubavu ukibonyea na mfupa wa mgongo ukachora mstari, amekaribia kufa, na samaki wa namna hiyo usimnunue kwa huruma.

Masharti ya mandarini ni haya: tangi liwe na miezi kumi hadi kumi na mbili, mawe mengi yenye matundu, chumba cha pembeni chenye mwani wa Chaetomorpha kinachozalisha kopepodi bila kuliwa, na pasiwe na mshindani wa chakula hicho hicho. Mshindani mkubwa ni samaki aitwaye Pseudocheilinus hexataenia, tutamfikia. Wapo mandarini waliofugwa ambao wameshafundishwa kula artemia na mysis (vikamba vidogo) waliogandishwa. Hao ndio wa kununua hata kama bei ni mara mbili. Wanakula polepole mno, kwa hiyo zima pampu ya mawimbi kwa dakika kumi, na uwape chakula kwa bomba refu karibu na mawe wakati wenzao unawashughulisha upande wa pili. Usiwatie shaba kwa mazoea. Ngozi yao haina magamba, ina ute mzito, na huwa hawashambuliwi kirahisi na ugonjwa wa madoa meupe.

Wanaosifiwa kuliko wanavyostahili

Chromis viridis huuzwa sita sita, au kumi kwa bei ya wanane. Siku ya kwanza ni pazuri, kundi la kijani linageuka pamoja. Ndani ya tangi la lita 250 kundi hilo lina ngazi ya ubabe, na wa chini kabisa ndiye hupigwa. Akifa, wa juu yake anakuwa wa chini. Utaendelea kuhesabu mpaka wabaki wawili au mmoja. Kuna pia kimelea cha Uronema kinachopenda jamii hii: kidonda chekundu ubavuni, na kifo ndani ya siku moja au mbili. Wakiwa kumi na tano kwenye tangi la lita elfu, maneno ni mengine. Hapa ni pesa ya kutupa.

Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, huonekana kwenye matumbawe ya Zanzibar na Kenya kama mwizi anayepita vichochoroni. Hula minyoo bapa na konokono wadogo wanaonyonya kombe, na kwa kazi hiyo hana mfano. Lakini kila mgeni atakayeingia baada yake atafukuzwa, hasa mwembamba na mwoga kama Nemateleotris. Kumtoa ni kuvunja mawe yote. Basi ama awe wa mwisho kabisa, ama asiwepo. Kwenye orodha yetu hayupo.

Vidogo vya jamii ya Dascyllus, hasa yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, hupendekezwa mpaka leo kwa "kuanzishia tangi" kwa sababu hawafi. Ni kweli hawafi. Anafika sm 14 na kumtawala kila mtu, na wakati huo ndipo mnunuzi anauliza namna ya kumvua. Tangi huanzishwa kwa chupa ya amonia na bakteria. Samaki si kipimo cha sumu.

Kisha samaki waitwao kangaja, wenye wembe mkiani. Hapa watu hupoteza pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. Acanthurus leucosternon, wa bluu iliyopauka, uso mweusi na pezi la mgongo la njano, ni samaki wa Bahari ya Hindi na mpiga mbizi wa Mafia au Watamu amemwona. Hukua kupita sm 20, huogelea bila kupumzika, na msongo kidogo tu humletea madoa meupe mwili mzima. Kwa sm 120 ni kama farasi ndani ya banda la kuku. Zebrasoma flavescens wa njano naye hufika sm 20. Bei yake ilipanda baada ya mahakama ya juu ya Hawaii kuamua mwaka 2017 kuhusu vibali vya kuvua kwa ajili ya akwariamu, na siku hizi wapo waliofugwa, kazi iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza Hawaii mwaka 2015. Kufugwa kwake hakumfanyi awe mfupi. Subiri tangi la mita moja na nusu kwenda juu.

Anayeng'ang'ania kangaja kwenye tangi hili ana jina moja la kujaribu, Ctenochaetus tominiensis, anayekomea kama sm 15 na kuparuza utando wa mwani kwa meno laini. Hesabu yake ni samaki wawili, aingie mwisho, na apewe nori kila siku. Na mkono wako ukumbuke ule wembe wa kwenye shina la mkia; wavuvi wanaujua.

Wa kuacha walipo

Kikande na bunju watakula kamba, konokono na kaa wako wote. Samaki wengi wa jamii ya vipepeo hula nyama ya matumbawe, ndiyo kazi waliyoumbiwa. Pterois mwenye miiba ya sumu ni mtulivu, hagusi tumbawe, ila kila kinachoingia mdomoni ni chake, na mdomo huo ni mkubwa kuliko unavyodhani. Labroides dimidiatus, yule msafishaji wa bluu, anaishi kwa vimelea na ute wa makumi ya samaki wanaopita kituoni kwake. Kwa samaki wanane hapati mlo, na wengi hufa kwa njaa huku wakiwasumbua wenzao. Kamba wa kusafisha anafanya sehemu ya kazi hiyo na anakula chochote.

Kwa aliye pwani anayefikiri kujichotea mwenyewe: hifadhi za taifa za bahari kama Kisite, Watamu na Malindi hakuna uvuvi wa aina yoyote, na nje yake uvuvi wa samaki wa mapambo unahitaji leseni.

Mpangilio wa kuwaingiza

Kanuni ni waoga kwanza, wababe mwisho, na nafasi ya wiki tatu hadi nne kati ya kundi na kundi, kwa sababu bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka kulingana na kinyesi kipya. Anza na gobi na kamba wake pamoja na Nemateleotris. Kisha Gramma. Kisha Pterapogon, mmoja au jozi. Kisha jozi ya ocellaris. Mwani ukishaonekana kwenye kioo kila baada ya siku mbili tatu, Salarias, au badala yake acanthops, usiwachukue wote wawili. Hapo una saba, au wanane kama Pterapogon ni jozi. Mandarini akija baada ya mwaka ndiye wa mwisho na mlango unafungwa.

Mgeni wa mwisho mwingize kwa kisanduku cha plastiki chenye matundu, kinachoning'inia ndani ya tangi, akae siku tatu hadi tano. Wenyeji watapiga kioo siku ya kwanza. Wakiacha kujali, fungua usiku taa zikiwa zimezimwa. Wakiendelea kupiga siku ya tano, hiyo ni taarifa, na samaki bado yuko kwenye kisanduku unaweza kumrudisha. Bila kisanduku ungekuwa umeshachelewa. Ukigundua ubabe wa pango moja, hamisha mawe mawili makubwa kabla ya kumwachia mgeni, ili kila mtu aanze upya kutafuta anwani.

Karantini na siku ya kwanza

Tangi la karantini la lita 60 hadi 80 linatosha: hita, chujio la sponji lililokaa wiki kadhaa kwenye sampu (chombo cha kuchujia maji) ya tangi kubwa, na vipande vya bomba la plastiki vya kujificha. Usiweke mawe wala mchanga wa chokaa, hufyonza shaba na kipimo chako kinakuwa uongo. Adui mkuu ni Cryptocaryon irritans, madoa meupe kama chembe za chumvi. Hukaa kwenye samaki siku chache, hudondoka, hujifunga kwenye mchanga au jiwe, kisha hutoa watoto kwa mamia. Ndiyo maana samaki "hupona" kwa siku tatu halafu anarudiwa vibaya zaidi. Shaba ya Copper Power hushikwa kati ya miligramu 2.0 na 2.5 kwa lita kwa siku 30. Ya Cupramine ni 0.5, usichanganye vipimo vya dawa mbili tofauti. Pima kila siku. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, anza kuhesabu upya. Shaba isiingie kamwe kwenye tangi la matumbawe. Kamba ndiye wa kwanza kufa. Ugonjwa ukishaingia tangi kubwa, samaki wote hutolewa na tangi kuachwa bila samaki siku 76.

Dukani, omba uone samaki akila kabla hujalipa. Asipokula chakula kilichogandishwa mbele yako, mwambie muuzaji akutunzie wiki moja; mwenye duka anayejiamini hatakataa. Tazama pumzi: mashavu yakipiga zaidi ya mara 80 hivi kwa dakika akiwa ametulia, ana tatizo la matamvua. Tazama na kioo chenyewe, maana maduka mengi huunganisha matangi yote kwa maji yale yale, na samaki mgonjwa wa safu ya chini ni mgonjwa wa wote.

Ukifika nyumbani elea mfuko dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Aliyesafiri saa nyingi kwenye mfuko uliofungwa asikae na bomba la matone kwa saa mbili, ingawa ushauri huo bado unazunguka. Ndani ya mfuko kaboni dioksidi imeshusha pH, na amonia imekaa katika hali isiyo kali. Ukifungua, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu mbele ya macho yako. Njia bora ni kuuliza duka uzito wa chumvi yao kabla, kuandaa karantini kwa kipimo hicho hicho, kisha kumtoa samaki kwa chombo na kumhamisha mara moja. Kushuka chumvi samaki huvumilia; kupanda hapana, kwa hiyo pandisha 0.002 kwa siku mpaka ufikie ya tangi kubwa. Maji ya mfuko yamwagwe kwenye karo.